Ng'ombe wa Old Trafford amekamuliwa vya kutosha

Kelele za kuwataka Glazer waondoke Manchester United zimeshakuwa za kawaida mno, kiasi kwamba watu wamezizoea. Kwenye vijiwe vyetu zimegeuka utani. Shabiki wa Arsenal au Liverpool akimwona jamaa wa United analalamikia wamiliki, anamkata kauli hapohapo: "Unalia nini? Tajiri wenu kamwaga mabilioni. Wachezaji wenu ndio wabovu."

Utani ni ruksa, mpira bila utani haunogi. Lakini hoja hiyo haina ukweli, na kwa kuwa maelfu ya Watanzania wanajaa kwenye vibanda umiza kila wikiendi kwa ajili ya timu hii, ni vizuri tukaiweka sawa.

Turudi 2005. Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani aliyekuwa akiimiliki timu ya Tampa Bay Buccaneers, aliichukua United kwa takriban pauni milioni 790. Kununua klabu si dhambi. Shida ni namna alivyolipa. Sehemu kubwa ya pesa ile ilikuwa ya kukopa, na mzigo mkubwa wa mkopo ukatwishwa klabu yenyewe. Klabu ambayo ilikuwa haidaiwi ikaamka siku moja ina deni la mamia ya mamilioni, deni ambalo haikulikopa na ambalo halikujenga hata ukuta mmoja wa uwanja.

Kwa lugha ya kwetu ni hivi: mtu kaja kijijini, kamchukua ng'ombe kwa mkopo, halafu kaamua mkopo ulipwe kwa maziwa ya ng'ombe huyohuyo. Majani hakuleta. Zizi hakulikarabati. Na maziwa yakibaki kidogo, anakunywa yeye na wanawe.

Wanaodhani tunatia chumvi waangalie yaliyofuata. Agosti 2012 hisa za klabu ziliuzwa kwenye soko la New York kwa dola 14 kila moja. Nusu ya fedha zilizopatikana zilikwenda kupunguza deni, nusu nyingine ikaingia kwa familia. Kuanzia 2016 hadi 2022 klabu ikawa inagawa gawio kwa wenye hisa, na mwenye hisa mkubwa ni nani kama si familia hiyohiyo? Ukijumlisha riba, ada za mikopo na gawio tangu 2005, zaidi ya pauni bilioni 1 imetoka nje ya klabu. Hakuna bao lililofungwa kwa pesa hiyo.

Sasa tuje kwenye ile hoja ya usajili. Ni kweli, United imenunua sana. Paul Pogba mwaka 2016 alivunja rekodi ya dunia kwa pauni milioni 89. Antony alikuja 2022 kwa bei iliyowashangaza hata waliomuuza. Lakini pesa zile zilitoka kwenye jezi, tiketi, televisheni na wadhamini. Ni mapato ya klabu. Mtu akichukua pesa zako mwenyewe akakununulia shati lisilokutosha, hutamshukuru kwa ukarimu.

Na hapo ndipo kosa kubwa zaidi lilipo. Uzembe wa mmiliki haupimwi kwa bei ya wachezaji tu. Unapimwa kwa nani kakabidhiwa funguo. Baada ya Sir Alex Ferguson na David Gill kuondoka pamoja 2013, shughuli zote zikaachwa mikononi mwa Ed Woodward, mtu wa benki aliyewasaidia Glazer kupanga ununuzi wa 2005. Hodari wa kusaka wadhamini, ndiyo. Lakini klabu kubwa kuliko zote England ilikaa hadi Machi 2021 bila mkurugenzi wa soka. Kila kocha alikuja na orodha yake, akaondoka akaiacha. Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Ten Hag, Amorim. Wachezaji wa huyu wakawa mzigo wa yule. Msimu wa 2024/25 timu ikamaliza nafasi ya 15 na kupoteza fainali ya Europa League mbele ya Tottenham. Huwezi kumtupia kocha mmoja lawama zote za safari hiyo.

Kuna watakaosema mbona Ferguson alichukua mataji chini ya wamiliki haohao? Alichukua, tena matano ya ligi kati ya 2007 na 2013, na Ligi ya Mabingwa 2008. Lakini yule mzee alikuwa pazia. Nyuma ya pazia nyumba ilikuwa inaliwa na mchwa. Alipoondoka, kila mtu akaona.

Waulize waliokuwepo Old Trafford Mei 2024, siku United ilipofungwa na Arsenal. Mvua ilinyesha, maji yakashuka kutoka kwenye paa kama bomba limepasuka, mashabiki wakapiga picha dunia nzima ikaona. Uwanja huo upanuzi wake mkubwa wa mwisho ulikamilika 2006. Tangu hapo Arsenal wamehamia Emirates, Tottenham wamefungua uwanja mpya 2019, Everton nao 2025. Cristiano Ronaldo aliporudi akasema hadharani kwamba uwanja wa mazoezi wa Carrington aliukuta vilevile alivyouacha 2009. Wengi walimwona ana hasira zake. Hasira alikuwa nazo, lakini kwa hili hakukosea.

Mashabiki hawakukaa kimya. Mwaka ule ule wa 2005 kuna walioondoka kabisa wakaanzisha timu yao, FC United of Manchester. Mwaka 2010 uwanja ukajaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu kabla ya 1902. Hata David Beckham, akiwa AC Milan, aliivaa moja alipokuwa akitoka uwanjani. Mei 2, 2021, wiki mbili baada ya ule mpango wa Super League kufa kifo cha aibu, waliingia uwanjani na mechi ya Liverpool ikaahirishwa.

Kwa nini basi jamaa bado wapo? Jibu lipo kwenye hisa. Hisa za familia ni za daraja B, na kila moja ina kura kumi. Hisa aliyonunua mtu wa kawaida pale New York ina kura moja. Unaweza kuimba mpaka koo likauke, unaweza hata kununua hisa, lakini kwenye kura hufui dafu.

Hata Sir Jim Ratcliffe, aliyeingia Februari 2024 na kulipa zaidi ya pauni bilioni moja kwa robo na kidogo ya klabu, alipewa kuendesha soka, siyo kumiliki. Tumpe haki yake: Carrington imekarabatiwa na kuna mpango wa uwanja mpya wa watu 100,000. Lakini mamia ya wafanyakazi wamepunguzwa, na katikati ya msimu wa 2024/25 tiketi za mechi zilizobaki zikapandishwa hadi pauni 66 kwa kila mtu, mtoto na mstaafu bila punguzo. Hapo ndipo mashabiki wengi walipokata tamaa. Deni la tajiri linalipwa na mpishi wa klabu na mjukuu wa shabiki. Huko si kubana matumizi, ni kumbana asiyehusika.

Gazeti hili halisemi kila tajiri wa kigeni ni mbaya. Familia ya Kroenke nayo ilizomewa Arsenal mwaka 2021. Badala ya kununa, ikaweka fedha, ikamwamini kocha Mikel Arteta, ikaacha watu wa mpira wafanye kazi ya mpira. Leo mabango ya kuwataka waondoke hayaonekani. Shabiki si mtu mgumu kumridhisha. Anataka kuona mwenye nyumba anajali nyumba.

Na hapa ndipo suala linapotuhusu sisi. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Zimejengwa na wanachama, na wengi wa waasisi hao hawakuwa matajiri. Leo tupo kwenye zama za mabadiliko, na utaratibu wetu unataka wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Ni ulinzi mzuri. Wajerumani wana wa aina hiyo, wanataka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura, na kwao tajiri hawezi kuamka asubuhi akaitwisha klabu deni lake.

Lakini asilimia 51 kwenye karatasi hazilindi chochote kama mwenye nazo amelala. Tukubali, mashabiki wetu tuna ugonjwa. Tajiri akileta straika mmoja kutoka Afrika Magharibi, tunamwimbia nyimbo. Mkutano mkuu ukiitishwa, wanaouliza maswali ya hesabu wanaitwa wasaliti, wanaambiwa wametumwa na watani. Mapato ya mlangoni ni kiasi gani? Pesa ya mdhamini imeingia akaunti gani? Mwekezaji ametoa zawadi, mkopo au mtaji? Hayo si maswali ya chuki. Tofauti ya zawadi na mkopo ndiyo iliyowatia United kitanzini.

Tujiulize pia kuhusu zizi. Klabu zetu mbili kubwa, zenye umri wa takriban miaka 90, bado zinacheza mechi zake za nyumbani kwenye viwanja vya wengine. Tukiendelea kushangilia jezi mpya na mapokezi ya uwanja wa ndege huku hakuna anayeulizia matofali, tusije tukashangaa siku paa la mpira wetu likianza kuvuja.

Kwa Glazer ujumbe wetu ni mfupi: wekeni pesa zenu, au wapisheni wenye nia ya kuweka. Miaka 20 ya kukamua inatosha. Kwa mashabiki wa United hapa nchini, msiwaonee aibu wanaowacheka, dai lenu ni halali. Na kwa wanachama wa klabu zetu, mkutano mkuu ujao nendeni na daftari na kalamu. Vuvuzela ziacheni nyumbani siku hiyo.