Ndege wa kaskazini wasiachiwe wageni wenye kamera pekee

KUKAMILIKA kwa barabara ya lami kati ya Isiolo na Moyale katika miaka ya 2010 kuliwafaa wafanyabiashara wa mifugo na abiria waliozoea kulala njiani juu ya malori. Kuliwafaa pia watu ambao ni nadra kutajwa barabara zinapofunguliwa: watazamaji wa ndege.

Siku hizi mtu huondoka Nairobi alfajiri, akalala Marsabit na asubuhi yake akawa Dida Galgalu, lile jangwa la mawe meusi ya volkano, darubini shingoni na kamera mkononi.

Wengi huja kumtafuta kipozamataza wa Williams, ndege aliyeelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Si ndege wa kuvutia macho. Ni mdogo, rangi yake ni ya udongo, na anapotua mawe humficha. Hata hivyo, haishi kwingineko duniani ila Kenya: huko Dida Galgalu na katika eneo jingine mashariki mwa Isiolo. Idadi yake haijulikani, na kwa miaka mingi amekuwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe ambao habari zao hazitoshi hata kuamua iwapo wamo hatarini.

Hapo ndipo penye kasoro. Mgeni hupiga picha yake, akaondoka nayo. Kijana wa Kigabra au Kiborana anayechunga mbuzi papo hapo mwaka mzima, anayejua ni baada ya mvua ipi ndege hao huanza kuimba, haulizwi neno.

Isitoshe, baadhi ya wapiga picha huacha njia na kuendesha magari nyikani, wakisahau kwamba vipozamataza hutaga mayai ardhini.

Tangu mwaka 2013, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na raia yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege aliowaona. Miraba ya karibu na Nairobi ina orodha tele. Mingi ya kaskazini ingali mitupu.

Utupu huo una gharama. Kaskazini ni eneo la nyaya za umeme, mitambo ya upepo na barabara mpya. Mkandarasi akidai kwamba mahali fulani hapana ndege wa kujali, atapingwa kwa ushahidi gani? Picha yenye tarehe na mahali ilipopigwa ni ushahidi. Kumbukumbu ya mchungaji, hata iwe sahihi vipi, haipokelewi na watathmini wa mazingira.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la utalii wa mashinani. Kaunti ya Marsabit ingeanza na vijana kumi tu, darubini kumi na kamera mbili, kisha ikamtaka kila mtazamaji aingiaye Dida Galgalu aongozwe na mmoja wao kwa malipo.