Mkanda wa mwisho si wa kuwekwa jokofuni

Katika jokofu la nyumba yangu hapa Nakuru, kando ya maziwa na sukuma wiki, kuna kikopo kimoja cheusi ambacho wageni aghalabu hukidhania kuwa cha dawa. Ndani yake mna mkanda wa picha zisizo na rangi uitwao Plus-X, uliotengenezwa na kampuni ya Kodak ya Marekani. Kampuni hiyo iliacha kuutengeneza mwaka 2011. Nilirithi mikanda sita kutoka kwa mjomba wangu, marehemu sasa, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini hadi 2009 alikuwa na studio si mbali na soko la mjini. Mitano nimekwisha kuitumia na, nakiri, baadhi yake niliitumia ovyo. Umebaki huu mmoja, wenye nafasi ya picha 36.

Wenzangu chuoni wamenipa ushauri wa namna mbili. Wapo wanaosema niuhifadhi kama kumbukumbu. Wapo wanaosema niende nao Ziwa Nakuru nikawapige heroe. Wote nawaheshimu, na wote nawapinga.

Nianze na hao wa heroe, maana jibu lao ni fupi. Uzuri wa heroe ni uwaridi wake. Ukimwondolea rangi humwachi na mengi. Isitoshe, tangu maji ya ziwa yalipoanza kufurika mwanzoni mwa mwongo uliopita, chumvi yake ilizimuka na makundi makubwa ya ndege hao yakahamia kwingine, Bogoria na Elmenteita.

Hao wa kuhifadhi wanahitaji jibu refu kidogo. Mkanda wa picha si sarafu ya kale. Juu ya plastiki yake umepakwa utando wa jelatini wenye chumvi za fedha, na chumvi hizo huendelea kuchakaa hata gizani, hata baridini. Jokofu huchelewesha, halizuii. Desturi ya mafundi ni kuuongezea mkanda mkuukuu mwanga maradufu kwa kila miaka kumi iliyopita. Ndiyo maana huu wangu, ambao kasha lake limeandikwa 125, sasa naupigia kana kwamba ni wa 50. Nikiuacha miaka mingine ishirini nitakuwa nimehifadhi utando wa ukungu. Kuuhifadhi mkanda usiopigwa ni kuhifadhi kitu ambacho hakijawa kitu.

Sitaki nimdanganye msomaji kwamba picha zisizo na rangi zimekufa duniani. La hasha! Ilford ya Uingereza ingali ikiuza HP5 Plus na FP4 Plus, na Kodak wenyewe hawajaiacha Tri-X. Kilichokufa ni aina hii moja na, kwa hapa kwetu, biashara nzima iliyoizunguka. Msamiati wake nao unakwenda. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba zamani tulipeleka picha studio "kusafishwa", mmoja aliniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama zilikuwa zimechafuka. Nami majuzi niliingia duka moja la dawa za viwandani kutafuta ile chumvi ya kuimarishia picha ambayo mafundi wetu waliiita haipo. Nikamuuliza kijana aliyekuwa kaunta, "Haipo ipo?" Akanitazama kwa huruma. "Mzee, haipo," akasema. Hadi leo sijui alinijibu au alinisahihisha.

Dawa ya kusafishia yenyewe haina taabu. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Rochester, mji wa Kodak, Scott Williams, akiwa na wanafunzi wake, alionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na magadi yaliyosafishwa huweza kuzitoa picha kwenye mkanda. Baadaye wengine wakaongeza vitamini C. Yaani kahawa yetu na magadi ya bonde letu hili hili! Mjomba angecheka hadi machozi yamtoke, yeye aliyekuwa akisubiri makopo ya dawa kutoka Nairobi juma zima.

Lakini hayo ni mzaha tu. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine.

Mwaka jana alinijia mama mmoja mzee anayeishi upande wa Njoro. Nyumba yake ilichomwa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye niliyeachiwa vitu vya mwenye studio. "Mwalimu, mwanangu," akaniambia, "mjomba wako alinipiga picha ya arusi mwaka 1974. Yangu iliungua. Yake je?"

Mjomba hakuwa mtu wa kutupa. Aliacha mikebe ya biskuti iliyojaa negativu, kila moja katika bahasha yenye jina na mwaka kwa penseli. Ilinichukua Jumapili tatu kuipata ya mama huyo. Nilipomkabidhi picha niliyoichapa upya, nilitarajia amtazame mumewe, ambaye alifariki zamani. Hakumtazama sana. Alikiweka kidole juu ya mwanamke aliyesimama nyuma, nusu uso umefichwa na kilemba cha mwingine. "Huyu ni shangazi aliyenilea," akasema. "Hakuwahi kupigwa picha nyingine." Basi akanyamaza, nami nikanyamaza.

Katika bonde hili wako wengi kama yeye. Tunapohesabu hasara za 1992 kule Molo, za 1998 huko Njoro na Laikipia, na za 2008 hapa mjini na Naivasha, tunahesabu roho, nyumba, mifugo na ekari, na ni haki yetu kuanza na hizo. Picha hazimo katika hesabu ya mtu yeyote. Hata hivyo mtu aliyeunguliwa na picha zote za wazazi wake hawezi kufidiwa kwa mabati.

Na hapa ndipo ule ufundi wa zamani ulipokuwa na hekima ambayo haikukusudiwa. Mteja alikwenda na picha. Negativu ilibaki kwa mpigapicha, kwa sababu tu alitaka mteja arudi alipe tena. Kwa tamaa hiyo ndogo ya kibiashara, sura ya mtu ililala katika nyumba mbili. Moto ulipoila moja, ya pili ilisalimika. Simu zetu za leo zina picha elfu kwa elfu, na wengi wetu tumeziweka zote katika simu hiyo moja.

Sasa mikebe hiyo inakwenda wapi? Studio zinafungwa, wenyewe wanakufa, mpangaji mpya anataka nafasi. Nimeiona kwa macho yangu mikebe ya studio moja ya mkoa huu ikiwa jaani, negativu zimetapakaa kama maganda ya miwa. Ilhali Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilirithiwa na mwanawe, na picha za baba zikaendelea kuchapwa na kuuzwa. Na picha za Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968, zilikaa miongo kadhaa katika gereji moja jijini Nairobi kabla ya jamaa yake kuzigundua. Tusitegemee gereji na bahati.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Jiji haliwezi kukosa chumba kimoja kikavu chenye rafu, mtu mmoja wa kuandika majina, na mashine moja ya kunakili negativu. Makumbusho ya Hyrax Hill yako mlangoni petu. Mazungumzo yaanzie hapo. Ila sharti moja: sura hizo ni za wenyewe. Zisitundikwe ukutani wala kuchapwa katika kalenda kabla ya familia kuulizwa.

Mkanda wangu nimekwisha kuupangia kazi. Yule mama aliomba apigwe akiwa na wajukuu, amesimama mahali pa shangazi yake, nyuma, na mjukuu aliye mchumba akae mbele. Nilipomkubalia, majirani waliounguliwa kama yeye wakaanza kuleta majina, nyumba moja picha moja. Nitakwenda Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nafasi ni 36. Hadi jana jioni nyumba zilizojiandikisha zilikuwa 52. Hao 16 waliozidi nitawapiga kwa simu, nizichape picha zao kwenye karatasi nakala mbili mbili, moja yao na moja ya kutia mkebeni.