Kumepoa

Nina rafiki wa Nairobi ambaye hushuka na treni karibu kila likizo ndefu. Akifika Miritini hunipigia simu kabla hata ya kutafuta matatu. "Manze, huku kwenu kumepoa. Mimi nikiwa wewe singetoka." Mara ya kwanza nilicheka. Desemba iliyopita tulikuwa tumekaa nje kwetu Chaani, saa mbili za usiku, mahamri na mbaazi mbele yetu, barabara kimya, akarudia maneno hayo hayo. Nikanyamaza mpaka akaniuliza kama nimekasirika.

Nilikuwa nimekasirika, na sikuweza kumweleza kwa nini, kwa sababu sehemu ya hasira ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeketi pale nikiufurahia ukimya huo huo.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Nairobi, kupoa ni sifa. Huku mwenye kibanda akikwambia biashara imepoa, anakwambia kwamba jana alimwaga sufuria nzima ya maharagwe. Yeye rafiki yangu akikaa pale nje anasikia upepo wa bahari. Mimi nasikia matrela ambayo hayapo.

Wacha nikueleze ilivyokuwa. Nikiwa shule ya msingi, ukitoka Changamwe kuelekea Magongo au Port Reitz ulipita kwenye kuta mbili za malori. Madereva walilala chini ya magari yao wakisubiri zamu, wakanunua maji ya kuoga kwa ndoo. Mamangu alikuwa na kibanda karibu na yadi moja ya makontena. Saa kumi za alfajiri alikuwa ameshawasha jiko: chai, chapati, maharagwe, halafu mchana ugali na matumbo. Babangu alikuwa karani ndani ya yadi hiyo, na kila siku saa saba mchana alitoka na daftari lake kwapani akaja kula kwa mkewe, akalipa kama mteja mwingine. Mamangu hakuwa na mchezo na pesa ya kibanda.

Mtu wa bara akisikia bandari anafikiria meli na winchi. Sisi bandari tuliijua kutoka nje ya lango. Kontena likishushwa, kuna wakala wa klearingi, na wakala ana vijana wa kukimbiza karatasi kutoka ofisi hii hadi ile. Kuna karani wa yadi, wapakuzi, dereva, taniboi. Kuna jamaa wa pancha, fundi wa kuchomelea, muuza turubai na kamba, mlinzi wa usiku, mwenye lojing, mama wa chakula, na mtoto wa mama wa chakula anayepeleka chai kwa flaski (huyo ni mimi). Kontena lilipita mikononi mwa watu hao wote kabla halijafika mizani ya Mariakani, na kila mkono ulibaki na kitu. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikono hiyo.

Halafu ikaja reli. Treni ya abiria ilianza Juni 2017 na sitadanganya, tuliishangilia. Nilipanda mwezi uo huo na nikapiga picha dirishani kama kila mtu. Januari 2018 ikaanza kubeba mizigo. Reli ilikuwa imejengwa kwa mkopo wa China, na mkopo unataka kulipwa, kwa hiyo mizigo ilipoonekana haijipeleki yenyewe kwenye treni, ikalazimishwa. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo inayoenda Nairobi na bara ipakiwe kwenye reli na shughuli za forodha zifanyiwe Embakasi. Mwaka uliofuata, ile ya nchi jirani ikaelekezwa Naivasha. Yaani kazi ya kutoa kontena, ambayo ndiyo ilikuwa kazi ya mji, ilipandishwa behewa ikapelekwa kilomita zaidi ya 450 kutoka baharini.

Watu hawakukaa kimya. Waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, wakaziita Jumatatu Nyeusi, wakarushiwa vitoa machozi. Walienda kortini pia, na Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema amri ile ilikiuka Katiba. Kontena zikaendelea kupanda treni. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli hizo zinarudi Mombasa. Sebuleni kwetu tulipiga makofi mbele ya televisheni. Babangu hakupiga. Aliuliza tu, "Zinarudi kwa nani?"

Lilikuwa swali zuri. Miaka mitatu si kidogo kwa mtu anayeishi kwa mapato ya siku. Taniboi wa 2019 sasa ni mtu wa boda. Jamaa wa pancha alirudi kwao Taru. Mamangu alikuwa ameuza sufuria zake kubwa, zile za harusi, kwa mtu wa chuma chakavu, kwa kilo. Ile yadi ya babangu ilipunguza watu mara mbili halafu ikafunga lango. Leo nusu yake ni sehemu ya kuoshea magari na nusu nyingine ni hema la maombi. Amri inaweza kurudisha kontena. Karani wa miaka 54 ambaye hajashika daftari tangu 2019, hakuna tangazo linalomrudisha.

Na tafadhali, asije mtu akaniambia bandari imekufa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha makasha zaidi ya milioni 2, ukihesabu kwa kipimo chao cha futi 20. Ilikuwa haijawahi kufika hapo. Usiku nikifungua dirisha naona taa za winchi zikifanya kazi mpaka asubuhi. Bandari inanenepa, na mtaa ulio mita chache kutoka ukuta wake unakonda. Ukisema eneo limedorora, ni kama unasema mvua haikunyesha, jambo la Mungu. Hapa mvua ilinyesha. Mtu alipitisha bomba juu ya paa letu.

Sasa ukiongea hivi, kuna mtu lazima atakwambia watu wa Pwani ni wavivu. Nimelisikia Nairobi nikiwa kwenye mahojiano ya kazi, limesemwa kwa tabasamu, kama utani wa kunikaribisha. "Si nyinyi hupenda kulala saa saba?" Nikamwambia mamangu ameamka saa tisa usiku kwa miaka 16. Akacheka akahamia swali lingine. Huo utani una kazi yake. Ukishaamini kwamba kijana wa Jomvu amekaa barazani kwa sababu anapenda baraza, huna haja ya kuuliza nani alikuwa akimlipa zamani na kwa nini aliacha.

Lakini nilisema hasira yangu ina sehemu mbili.

Ya pili ni hii: napenda kulivyo sasa. Siwezi kuandika haya nikajifanya mtakatifu. Mwanangu ana pumu, na tangu malori yapungue mlangoni petu, usiku analala. Barabara ile ilikuwa inaua watu. Nilimwona mtoto wa darasa letu chini ya tairi, na siku iliyofuata foleni ilikuwa pale pale. Kulikuwa na wasichana wa umri wangu waliokuwa wakipanda kwenye vyumba vya madereva jioni, na sisi wengine tukajifanya hatujui walikuwa wanatafuta nini. Wazee wa barazani wakisimulia enzi za matrela, hayo hawayataji. Wanasimulia pesa. Ukiwasikiliza utadhani Magongo ilikuwa Dubai. Babangu mwenyewe, aliyekula vumbi la yadi hiyo kwa mshahara ambao haukuwahi kutosha mpaka mwisho wa mwezi, sasa anaizungumzia kama mtu aliyefiwa na mke mwema.

Tena kuna aibu nyingine. Mimi nilisomea klearingi. Leo ninafanya kazi hiyo kwa laptopu, chumbani, kwa kampuni iliyo Nairobi. Hati za forodha zinawasilishwa mtandaoni siku hizi, kwa hiyo ninaweza kumaliza kabla ya saa sita kazi iliyokuwa ikilisha vijana watano wa kukimbiza karatasi. Hata kama reli isingekuja, baadhi ya ile mikono ingekatwa tu, na mmoja wa wakataji angekuwa mimi. Nalipwa na Nairobi, nalipa kodi ya nyumba ya Chaani. Kukipoa zaidi, pesa yangu inakwenda mbali zaidi. Mwenye nyumba hajaongeza kodi tangu 2020. Anaogopa nitahama, nyumba ikae tupu kama tatu zile za pembeni.

Ndiyo maana siwezi kumtukana rafiki yangu moja kwa moja. Anapenda anachokipenda kwa sababu ile ile ninayokipenda mimi. Tofauti ni kwamba yeye Jumapili anapanda treni.

Wale ninaoweza kuwatukana ni watu wa makongamano. Kila baada ya miezi michache, kwenye hoteli fulani ya ufukweni, kunafanyika mkutano kuhusu uchumi wa bluu. Nilialikwa mmoja kama "sauti ya vijana". Tulipewa mikoba, kalamu, na samaki wa kupaka. Mtoa mada alituonyesha bahari kwenye ukuta, ilhali bahari yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia. Akasema vijana wa Pwani wabadilishe fikra, wafuge jongoo bahari, wawe na maono. Nikauliza swali moja: kati ya makasha yanayopita hapa kwa mwaka, kuna mpango gani wa kuhakikisha hata sehemu ndogo inafunguliwa, inapangwa upya, inatengenezwa kitu, hapa hapa, na watu wa hapa? Nikaambiwa ni swali zuri na litashughulikiwa wakati wa chai. Chai ilikuwa na tambi na kaimati. Swali liko palepale.

Kaka yangu hakungoja chai. Yuko Saudi, mwaka wa tatu, anaendesha trela. Leseni aliipata kwenye barabara hii hii. Hupiga simu Ijumaa na jambo la kwanza analouliza ni kama kuna foleni. Nikimwambia hakuna, anasema, "Basi sawa, nitaongeza mkataba." Mamangu huchukua simu akamuuliza amekula nini.

Mwezi uliopita trela moja liliharibika karibu na kwetu, saa tatu usiku. Dereva alikuwa mtu mzima, akabisha hodi. "Mama, nasikia hapa zamani kulikuwa na chakula." Mamangu hajapika kwa biashara tangu kibanda kifungwe. Alisimama akawasha jiko, akasonga ugali, akamkaangia mayai na sukuma, akakaa kando akimtazama mtu anavyokula. Alipomaliza akauliza ni ngapi, naye akamtoza bei ya 2017. Yule baba akamwekea noti juu ya meza na kukataa chenji, wakabishana mpaka taniboi akaja kusema gari limewaka. Nililala nikisikia lile injini likipanda kuelekea Miritini, na walahi nilifurahi, na saa nane mwanangu akaamka akikohoa.

Sasa kampuni yangu inasema kazi ya nyumbani inaisha. Wote turudi ofisini, Nairobi, kuanzia mwezi ujao. Rafiki yangu ameshanitafutia chumba Kasarani. Ameniambia nisijali, tiketi ya treni ni 1,500 tu, nitakuwa nakuja wikendi kupumzika. Nilipomweleza mamangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Nenda mwanangu. Lakini usiniambie nifurahi."

Sijawajibu bado. Wametupa mpaka tarehe 30.