Imani Isijengwe Juu ya Ujinga

Barazani, baada ya sala ya isha, aghalabu twasikia maneno haya: "Mmeona? Wataalamu wamegundua vitu vipya mwilini ambavyo miaka yote hawakuvijua. Hiyo ndiyo dalili ya kuwa Mungu yupo." Nia ya wasemao ni njema, lakini hoja ni mbovu.

Kwanza habari yenyewe. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walieleza kitu kidogo mno walichokikuta katika kijinyoo cha urefu wa milimita 1. Seli ya moyo na seli ya jicho zina maandishi yale yale ya maumbile. Nakala ya maandishi hayo huchukuliwa na tarishi, ili protini itengenezwe. Kitu hicho, chenye herufi 22 tu, humzuia tarishi njiani, agizo lisitimizwe. Ndicho kiitwacho maikro-RNA. Kwa miaka 7 wengi walidhani ni kioja cha kijinyoo kile tu. Mwaka 2000 Ruvkun na wenzake wakatoa habari za cha pili, na hicho kikaonekana hata kwa binadamu. Leo zajulikana zaidi ya 1,000 ndani yetu, na mwaka 2024 mabwana hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Sasa, aliyesema jana, "Hili hawalijui, basi ni la Mungu," atasema nini leo wakilijua? Kila ugunduzi utamla imani yake. Na mwanawe akirudi na jibu kutoka shuleni, itambidi achague baina ya babake na mwalimu wake. Mtego huo tumemtegea wenyewe.

Wako na vijana wadhanio kuwa kilichofahamika hakina haja ya Muumba. Nao wamekosea. Kujua jinsi jahazi lilivyoungwa, ubao kwa ubao, hakumfuti fundi aliyeliunda.

Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni tulifundishwa kuwa amri ya kwanza kumshukia Mtume (S.A.W.) ilikuwa ni kusoma. Mola wetu ni Mola wa kijulikanacho na kisichojulikana. Basi wazazi, binti akiipenda elimu ya viumbe, mwacheni aisome hadi mwisho wake. Akichungulia kwenye darubini akaona ajabu, atasema Subhanallah hali ajua anachokisema.

Wallahu aalam.