Kusoma Neno Si Kulielewa

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alinijia kliniki akilalamika kwamba dawa ya kisukari inamchafua tumbo. Nilimwomba anisomee maandishi yaliyo juu ya bahasha ya dawa. Yalikuwa 1×3. "Moja mara tatu," alisoma bila kusita. Nilipomuuliza anaimezaje, alijibu kwamba humeza vidonge vitatu kwa pamoja kila asubuhi. "Kwani, daktari, moja mara tatu si tatu?" Hesabu yake ilikuwa sahihi. Waliokosea ni wale walioandika.

Humkumbuka mzee huyo kila ninapopitia mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wanaotaka kupima uwezo wa watu wazima wa kuelewa taarifa za afya. Aghalabu huchagua kipimo kwa kuwa ni kifupi na kimetumika sana ng'ambo. Kinachowavutia zaidi ni REALM, kilichobuniwa Marekani mwaka 1991 na kufupishwa mwaka 1993 kuwa orodha ya maneno 66. Mgonjwa huyasoma kwa sauti, mpimaji huhesabu yaliyotamkwa sawasawa, na baada ya dakika mbili tatu kazi imekwisha.

Kwa Kiingereza mbinu hiyo ina mantiki, kwani tahajia ya lugha ile haifuati matamshi. Asiyelizoea neno hupata taabu kulitamka. Kiswahili hakiko hivyo. Mtoto wa darasa la tatu atakusomea "kongosho" bila kosa, ingawa hajui kama ni kiungo cha mwili au aina ya ndege. Na yeyote aliyepita chuoni huku Pwani anajua kwamba mtoto huweza kuhitimu juzuu kwa matamshi safi kabla hajaelewa Kiarabu. Tukiitafsiri orodha ile, karibu kila ajuaye kusoma atapata alama zote, nasi tutaandika ripoti ya kujipongeza. Watafiti wa Kihispania, lugha ambayo nayo husomwa kama inavyoandikwa, walikumbana na tatizo hilohilo. Kipimo chao cha SAHLSA, cha mwaka 2006, kina maneno 50, na kila neno likishasomwa mgonjwa huonyesha ni lipi kati ya maneno mengine mawili linalohusiana nalo kwa maana. Hiyo ndiyo njia ya kuigwa, ikiwa ni lazima tupime kwa maneno.

TOFHLA, cha mwaka 1995, huenda mbali zaidi: mgonjwa hujaza maneno yaliyoondolewa katika vifungu vya habari za hospitali, kisha hujibu maswali ya hesabu yanayotokana na lebo za dawa na kadi za miadi. Anayekitafsiri ajihadhari na saa. Tarakimu 8:00 kwenye kadi ni saa mbili asubuhi kwa karani, lakini mgonjwa anaweza kuisoma saa nane. Kipimo kingine, NVS cha mwaka 2005, humpa mtu lebo ya aiskrimu na maswali sita. Ni kipimo kizuri huko kilikotoka. Lakini anayenunua dagaa kwa fungu na unga wa kupimiwa hana mazoea ya lebo ya namna hiyo, na akishindwa hatutajua kama kilichomshinda ni hesabu au ugeni wa karatasi.

Yapo pia madodoso yanayomuuliza mtu jinsi anavyoona urahisi au ugumu wa kupata taarifa, kuzielewa na kuzitumia. HLS-EU, lenye maswali 47, ni la aina hiyo, na faida yake ni kwamba asiyejua kusoma anaweza kuulizwa kwa mdomo. Kasoro yake mnaijua nyote mnaokaa na wagonjwa: kwa adabu, wengi watajibu, "Ni rahisi tu, daktari."

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kipimo kipi ni kifupi, mtafiti aulize matokeo yatamsaidia kuamua nini. Anayepanga elimu ya afya kwa wilaya nzima anahitaji dodoso, tena lililojaribiwa kwanza kwa watu wachache walioombwa waeleze, kwa maneno yao, wameelewaje kila swali. Kuitafsiri Kiswahili na kuirudisha Kiingereza hakutoshi. Kunakagua maneno tu.

Kliniki ni jambo jingine. Sioni sababu ya kumpima mgonjwa kusoma mbele ya foleni, jirani zake wakisikiliza. Asiyejua kusoma ataona haya, na huenda asirudi kuchukua dawa. Mwongozo uliotolewa na idara ya serikali ya Marekani mwaka 2010 hushauri kumchukulia kila mgonjwa kuwa anaweza asielewe, kisha kumwomba aeleze mwenyewe atakavyofanya nyumbani. Wagonjwa nanyi msingoje kuombwa, semeni, "Ngoja nikwambie nilivyoelewa."

Bahasha ya yule mwalimu niliiandika upya: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kila mara baada ya kula. Aliisoma, akaieleza, kisha akauliza afanyeje mwezi wa Ramadhani. Swali hilo halimo katika kipimo chochote nilichokitaja.