Mkuu Naye Asikilize

Katika nyumba yenye kijana, methali ya "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" haikosi kutajwa. Leo, ndugu msomaji, napenda tuigeuze kidogo: je, mkuu asiyesikia la kijana, yeye huvunjika nini?

Mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, nilipanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto kumjulia hali baba yangu mkubwa. Mzee huyu ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi alipiga tarumbeta kanisani, ufundi ambao asili yake milimani humo ni wamisionari wa Kijerumani.

Niliikuta nyumba imenuna. Mjukuu wake, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ametamka kwamba anataka kujifunza gitaa badala ya kwenda chuo cha ualimu. Mzee alilichukua gitaa akalifungia stoo. Kwa muda wa wiki mbili walikuwa wakila meza moja bila kusemezana. Hata chumvi iliombwa kwa kupitia kwa bibi.

"Zile kelele za Ulaya ndizo zilizomharibu," mzee aliniambia.

"Baba mkubwa, umewahi kuzisikiliza?"

Hakujibu. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba hata tarumbeta lake lilitoka Ulaya. Kisha nikaomba jambo moja: usiku ule tuketi sote, tusikilize santuri moja tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuinuka, ndipo hukumu itolewe.

Kijana alichagua katika simu yake santuri ya mwaka 1972 iitwayo "Storia di un minuto", yaani "Hadithi ya Dakika Moja". Wapigaji ni Waitalia waitwao Premiata Forneria Marconi, jina walilolitwaa kutoka tanuri la mikate. Ilitolewa na Numero Uno, kampuni ambayo mtunzi wa mashairi Mogol na mwimbaji Lucio Battisti walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1969. Muziki wenyewe ni wa roki, lakini umepangwa kama simfonia: filimbi na fidla huingia polepole, gitaa hupokea, ngoma hubadili mwendo ghafula, kisha vyote hurudi kwenye utulivu.

Wimbo wa pili, "Impressioni di settembre", unamhusu mtu atembeaye mashambani alfajiri katika ukungu. Nje ya dirisha letu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti ya mapeasi. Sauti ya mwimbaji ilipanda, nasi tukangoja kiitikio. Maneno hayakuja. Mahali pake palishikwa na kinanda cha umeme kiitwacho Moog, chombo kilichokuwa kigeni kabisa Italia wakati huo. Mzee aliinua kichwa.

"Hiyo ni tarumbeta?"

"Si tarumbeta, babu. Ni kinanda cha umeme."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa siku kumi na nne.

Baadaye ulifika wimbo "Dove... quando...", maana yake "Wapi... lini...". Katika santuri ya asili wimbo huo umegawanywa: sehemu ya kwanza inafunga upande mmoja na ya pili inafungua upande mwingine. Simu iliupitisha bila kusita. Kijana alipotueleza hayo, mzee alitabasamu akasema kwamba zamani hapo ingembidi mtu ainuke akaigeuze.

Baada ya nusu saa na dakika chache, muziki ulikwisha. Mzee alikaa kimya, kisha akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Mwezi wa Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, yeye alikuwa kijana mwenye kuupenda. "Baba yangu alifurahi sana," alisema. "Mimi sikufurahi. Lakini hakuniuliza."

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Gitaa halikutoka stoo usiku ule, na suala la chuo halijaisha. Mzee ana haki ya kuuliza kijana atakula nini, na kijana ana wajibu wa kumjibu. Mzee alisema pia kwamba ngoma zilizidi. Ila asubuhi, wakati wa chai, nilimsikia akimwuliza mjukuu wake ni nani aliyepiga filimbi. Akaambiwa ni Mauro Pagani, na kwamba ndiye huyo huyo aliyepiga fidla. Adhuhuri tulipokula, chumvi aliiomba mwenyewe.

Wazazi wengi huogopa kwamba kusikiliza ni kukubali. Sivyo. Hakimu naye husikiliza pande zote mbili, na hapotezi kiti chake kwa kufanya hivyo. Jumapili hii, kabla hujakifungia stoo kitu cha mwanao, mpe nusu saa ya masikio yako. Huenda ukakataa vilevile. Lakini utakuwa umekataa kitu unachokijua, naye atajua kwamba umemsikia.