Vumbi Lina Wenyewe

Neno "msimu" ni tamu sana kwa mtu asiyetaka kuulizwa maswali. Lalamika hapa Kitengela mwezi wa Februari kwamba shuka ulizoanika zimegeuka rangi ya udongo kabla hazijakauka, utajibiwa: ni msimu, ngoja mvua. Mtoto akikohoa usiku kucha kule Noonkopir, ni msimu. Julai, moshi ukilala juu ya mabati mpaka saa tatu asubuhi, eti ni baridi tu, nao ni msimu. Si tuseme basi kwamba Kajiado mwaka mzima ni kukohoa, na mvua ni mapumziko?

Mimi nakataa. Kiangazi ni cha Mungu. Vumbi lina wenyewe.

Upepo hauokoti udongo ulioshikwa na nyasi. Tambarare hizi za Kaputiei zimeona ukame tangu enzi, ng'ombe wakahamishwa, mizizi ikabaki ardhini ikingoja mvua. Kisha ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, mashamba yakauzwa, yakauzwa tena, hadi tukafika kwenye ploti za hamsini kwa mia. Muuzaji analeta greda, anakwangua barabara, anapanda bikoni na bendera, anapiga picha na wateja, anaenda zake. Barabara haina lami, haina mtaro, na ploti nyingi zitakaa miaka bila nyumba wala jani. Ukame ulioanza 2020, mvua zikikosa misimu mitano mfululizo, ulimaliza nyasi kidogo zilizosalia. Lakini ukame huo haukumkuta mtu analinda udongo.

Ongeza malori. Yanatoka timboni yamejaa kokoto, hayana turubai, na nyuma yake abiria wa matatu wanafunga madirisha juani kana kwamba wamekimbizwa na nyuki. Upepo ukitoka upande wa Athi River, wenye viwanda vyake vya saruji, unavuka mpaka wa Machakos na Kajiado bila kumuuliza gavana yeyote.

Kinachoonekana kwenye shuka si hata kibaya zaidi. Chembe zinazoua ni zile zisizozidi maikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele karibu mara thelathini. Zinapita puani, zinafika chini kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Moshi wa takataka na wa dizeli umejaa hizo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba wastani wa siku nzima usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo. Usubuhi wa Julai hewa iliyo juu huwa na joto kuliko iliyo chini, basi inafunika mji kama mfuniko wa sufuria, na sisi ndio mboga.

Hapa nasikia sauti: lakini wanaochoma takataka si wananchi wenyewe? Ni kweli, ule moto wa jioni nyuma ya geti, wa nepi na chupa za plastiki, haukuwashwa na serikali. Ila mwambie mama wa ploti yenye nyumba kumi na mbili azipeleke wapi, kama gari la taka halijawahi kukata kona ya kwake. Kumlaumu yeye kwanza ni rahisi. Hana msemaji.

Wenye kazi hiyo wanajulikana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Na hapo sasa ndipo utacheka: kifungu kilekile kinataja pia kelele, kero nyingine za umma na mabango ya matangazo. Sentensi moja! Bango wanalijua vizuri. Kinyozi akipaka jina lake ukutani, mtu wa risiti atafika, apime, atoze. Hewa haina risiti, basi nusu ya kwanza ya kifungu haijapata msomaji.

Tusidanganywe na boza la kumwagia barabara maji siku mheshimiwa anapopita. Katika mji ambao watu wananunua maji ya kupikia kutoka kwa boza hilohilo, hayo ni matusi. Anayekata shamba aweke lami au angalau changarawe iliyoshindiliwa kabla hajauza ploti ya kwanza, na ploti zisizojengwa ziachiwe nyasi. Kipimo cha hewa kiwekwe pale stendi, namba zionekane kama bei ya mafuta inavyoonekana petroli stesheni. Na turubai la lori linauzwa dukani. Polisi wa trafiki tunao barabara yote ya Namanga, na malori wanayasimamisha kila siku. Wakishaongea na dereva, wainue macho waangalie na mzigo.